VC10 iliyokaa boksini miaka: usiibomoe, tafuta kwanza ilikwamia wapi

Mkuu, nimelielewa swali lako. Umelikuta juu ya kabati kwa wazazi lile boksi la modeli ya plastiki ya ndege ya abiria Super VC10, ya kipimo cha 1/144 (ndogo mara 144 kuliko ndege halisi), uliyoiacha ulipokwenda chuo. Bodi imeshaunganishwa, mabawa bado, sehemu ya juu ulishaipaka nyeupe ambayo sasa inaelekea manjano, stika zake za kuloweka majini nazo zimegeuka manjano, na nia yako ilikuwa kuitoa kwa sura ya East African Airways, lile shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania. Unauliza ubomoe uanze upya, ununue nyingine, au uendelee hapo hapo.

Endelea hapo hapo. Ila usishike gundi kwanza. Kaa na boksi lako, toa kila kitu mezani, ujiulize ilikwamia wapi. Sote tunasema tuliacha kwa sababu ya shule, kazi, ndoa. Ukizichunguza modeli zilizoachwa utaona nyingi zimesimama mbele ya kazi moja ambayo mwenyewe alikuwa anaikwepa. Yangu ya ndege hii hii ilisimama pale pale ilipo yako, bodi imefungwa na mabawa yako pembeni, na ikakaa hivyo tangu nikiwa sekondari hadi nina familia. Nilipoirudia niligundua haraka kilichonizuia: pua haikuwa na uzito wa kutosha na nilijua ikisimama kwa magurudumu yake itakaa kitako kama mbwa. Nina hakika na wewe ni hilo hilo, maana hukutaja chochote kuhusu uzito.

Hili la kukaa kitako si kasoro ya kiwanda cha modeli. Limetoka kwenye ndege yenyewe, tena limetoka kwetu. VC10 ilibuniwa na kampuni ya Vickers kwa ajili ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza lililohitaji ndege ya kuruka ikiwa na mzigo wa maana kutoka viwanja vyenye joto na vilivyo juu, Nairobi kikiwa mfano mmojawapo, maana uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya injini na inapunguza uwezo wa bawa kubeba. Dawa ya Vickers ikawa kuzipeleka nyuma injini zote 4 za Rolls-Royce Conway, bawa likabaki safi, flapu, zile sehemu za bawa zinazoteremshwa kuongeza uwezo wa kubeba, zikapata nafasi kubwa. Kwetu sisi wa gundi na msasa maana yake ni kwamba bawa ni raha kulipaka, hakuna injini inayoning'inia, lakini plastiki yote nzito imerundikana mkiani, pamoja na ule mkia wenye bawa dogo juu kabisa.

Sasa utajuaje uzito kiasi gani? Usikisie. Funga mabawa, injini na mkia kwa utepe wa karatasi, bila gundi. Weka penseli mbili chini ya mabawa pale miguu mikuu ya kutua inapochomekwa. Kisha tundika kimfuko chepesi cha plastiki juu ya bodi, usawa wa tundu la gurudumu la mbele, si kwenye ncha ya pua. Hapa wengi wanajidanganya, maana uzito uliotundikwa kwenye ncha una nguvu kuliko ule ule ukiwa nyuma kidogo, na wewe ndani utauweka nyuma kidogo. Ongeza chubwi za wavuvi, vile vizito vya risasi vya mshipi, moja moja mpaka pua ishuke. Kisha ongeza tena za kutosha, kwa sababu bado kuna praima, rangi na vanishi, na vyote hivyo vitauongezea mkia uzito pia.

Bodi yako imefungwa tayari, ndiyo, lakini huhitaji kuipasua. Toboa dari ya tundu la gurudumu la mbele. Chubwi ikatwe vipande vidogo, uvipitishe humo pua ikiwa imeelekea chini, umimine Araldite kidogo (ile gundi ya kuchanganya mirija miwili), uache ikauke, urudie. Usimimine nyingi kwa mkupuo: inapokauka inatoa joto, na joto hilo likifungiwa ndani ya plastiki nyembamba linaweza kuilegeza. Madini ya risasi ni sumu, kwa hiyo usikate kwenye meza ya chakula, osha mikono, na watoto wakae mbali.

Na tafadhali sana, usiishike risasi kwa gundi nyeupe ya maji, ile ya maseremala. Nina rafiki hapa Tanga, modeli yake ya ndege nyingine yenye injini nyuma ilikaa kabatini vizuri kabisa, siku moja akakuta mshono wa pua umefunguka na unga mweupe unatoka. Gundi ile hutoa mvuke wa asidi taratibu, asidi inaila risasi, risasi inavimba, na plastiki haina pa kwenda. Kama wewe au aliyekusaidia zamani mliweka uzito kwa gundi hiyo, chungulia kwa tochi kabla ya yote. Ukiona unga, hapo ndipo nitakubali ufungue bodi.

Ukiona pua imekushinda kabisa, iweke angani. Stendi ya waya, magurudumu yamefungwa ndani, mambo yameisha. Kuna watu watakuambia hiyo ni kukwepa. Waache. VC10 ikiwa angani ni nzuri kuliko ikiwa chini, na miguu mikuu ya magurudumu manne manne kwa kipimo hiki ni kazi ya kuchosha isiyoonekana na mtu.

Mshono wa bodi una habari njema. Gundi ya plastiki inayeyusha kingo mbili zikaungana, na inaendelea kusinyaa muda mrefu baada ya wewe kudhani imekauka. Ndiyo maana mtu anapiga msasa leo, anapaka, halafu mstari unarudi baada ya miezi. Yako imeshasinyaa yote iliyotaka kusinyaa. Ukiujaza mshono sasa na kuupiga msasa wa maji, namba 400 kisha 800 kisha 1200, hautarudi. Cha kuujazia, mimi nachukua vipande vya fremu ya plastiki inayobeba vipuri, navikatakata ndani ya chupa ya gundi ya plastiki, ile nyepesi ya majimaji, iliyobaki nusu, vinayeyuka kuwa uji. Ukikauka unakuwa plastiki ile ile, msasa unakwenda sawa. Puti ya mafundi wa bodi za magari pia inafaa, ila ni ngumu kuliko plastiki yenyewe, na ukisugua unachimba pembeni yake.

Rangi. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, na hugeuka zaidi gizani, ndani ya boksi, kuliko kwenye mwanga. Usijaribu kuifananisha na nyeupe mpya, haiwezekani. Ila si lazima uivue yote. Kama imelala vizuri, haina michirizi wala vumbi lililonasa, ipitishie msasa wa 1200 wenye maji mpaka mng'aro uondoke, halafu praima, halafu nyeupe mpya juu yake. Vua pale tu ilipo nene kiasi cha kuziba michoro ya paneli.

Kuvua, dawa yangu ni Dettol isiyochanganywa na maji. Loweka usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani, rangi inakuja yenyewe. Angalizo: usisuuze kwa maji mara ya kwanza. Dettol ikikutana na maji ikiwa imebeba rangi, inageuka utomvu unaonata kila mahali. Suuza kwa Dettol safi au spiriti, ndipo sabuni na maji. Vaa glavu, fungua dirisha, na mwambie mama nyumba si hospitali. Thinner ya duka la rangi za magari isikaribie kabisa, inakula plastiki. Asetoni hivyo hivyo.

Kwa walio pwani kama mimi, rangi ya kupuliza isipulizwe wakati wa masika hewa ikiwa nzito. Vanishi inashika unyevu na kutoka na ukungu mweupe. Subiri mchana mkavu.

Stika ndizo watu wanazitupa mapema bila sababu. Karatasi yake ifunge ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, uibandike kwenye kioo cha dirisha, picha ziangalie nje. Jua litaondoa manjano. Kwa jua la kwetu usiondoke ukaisahau, ichungulie kila jioni, maana nyekundu nayo huanza kufifia. Ikishakuwa nyeupe, chagua stika moja usiyoihitaji, iloweke. Ikitoka nzima, endelea. Ikivunjika vipande, kausha karatasi yote na uipulizie vanishi safi, au upake ile dawa ya Microscale ya kutengeneza filamu, halafu kila stika uikate peke yake karibu na ukingo wake, kwa kuwa sasa karatasi nzima ni filamu moja. Ikishindikana kabisa, karatasi za kuchapia stika zinauzwa na printa ya ofisini inafaa, ila kumbuka printa haichapi nyeupe. Kwa maandishi meusi juu ya bodi nyeupe haikusumbui.

Kuhusu madirisha sitasema mengi: kwa kipimo hiki yazibe, uweke ya stika. Vile vioo vidogo vya boksini havijawahi kukaa sawa.

Tukija kwenye East African yenyewe, hapa usikimbie. Shirika lilikuwa na Super VC10 tano tu, aina ya 1154: 5X-UVA na 5X-UVJ za usajili wa Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, na 5H-MMT na 5H-MOG za kwetu Tanzania. Zilikuwa tofauti na za BOAC kwa kitu kimoja kinachoonekana: mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, mbele ya bawa. Kama boksi lako ni la toleo la BOAC, mlango huo haumo kwenye plastiki. Mimi niliuchora kwa ncha ya sindano nikifuata ukingo wa utepe mgumu wa Dymo (ule wa mashine ya kuandikia lebo), mikono mepesi, mipito mingi. Kama hutaki kugusa bodi tena, mstari wa penseli ngumu chini ya vanishi unatosha, na ukiwa umbali wa mkono hakuna atakayejua.

Namba ya usajili ichague mapema, maana inaamua mambo mengine. 5X-UVA iliharibika Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikiwa kwenye mbio za kuruka, watu 43 wakafa kati ya 107. Kwa hiyo ukiichagua hiyo, picha yoyote ya baada ya mwaka huo haikuhusu. Nne zilizobaki zilidumu hadi shirika lilipoanguka mwanzoni mwa 1977, kisha zikaishia Jeshi la Anga la Uingereza na kugeuzwa kuwa za kujaza mafuta angani, aina ya K3. Hili ni muhimu kwako kwa sababu ukitafuta picha za 5H-MOG leo, nyingi zitakuletea ZA150, ndege ile ile kwa namba yake ya jeshini, ikiwa ya kijivu, na mrija wa kupokelea mafuta mbele ya pua na vifaa vya kugawia ndege nyingine mafuta chini ya mabawa. Usivitengeneze hivyo. Kwa umbo la bodi, mlango na mkia picha hizo zinafaa sana, kwa rangi hazifai.

Mimi nilichagua MOG, na sababu yangu ni ya kishabiki: ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa kati ya zote 54, ilikabidhiwa 1970, na ilirushwa hadi Dunsfold, Uingereza, mwaka 2013 ikahifadhiwa. MMT nayo ina lake. Jeshini ilipewa namba ZA147, na ndiyo iliyofanya safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani, Septemba 25, 2013, kwenda Bruntingthorpe, huko huko Uingereza. Kwa Mtanzania, zote mbili ni halali.

La mwisho ambalo najua litakujaribu. Utaingia intaneti, utaona watu wanauza vipande vya ziada vya chuma, vya injini, vya magurudumu, utaona kazi za mabingwa, utatazama yako na kuona aibu. Utataka uchonge upya paneli zote. Ukifanya hivyo itarudi juu ya kabati, naapa. Uliianza ukiwa kijana na bodi ya kijana, imalizie kwa kiwango kile kile, isipokuwa pua, mshono na rangi. Ujuzi wako wa sasa uhifadhie boksi jipya, hilo nunua hata kesho, ila usilifungue kabla hii haijapata namba yake ubavuni.

Tuma picha ya tumbo, karibu na tundu la gurudumu la mbele, na ya ukurasa wa maelekezo wenye mchoro wa fremu zote tujue ni kipande gani kimepotea. Na useme ni ipi: MMT au MOG?