Kitochi changu kwenye masikio ya rubani

Kwenye zile Cessna Caravan za Dar kwenda Unguja, ndege ikijaa, kuna abiria hukalishwa mbele ubavuni mwa rubani. Siku hiyo ikaniangukia mimi. Nikapewa na hedifoni, nikajiona mtu.

Simu kubwa nilishaiweka hali ya ndegeni. Tunakaribia kisiwa, mwongozaji ndege anampa rubani maelekezo, mara ikaingia: ti-ti-tit, ti-ti-tit, trrrrr! Rubani akaomba arudiwe. Kisha akanigeukia, "Bosi, una simu nyingine?"

Ninayo. Kitochi, mfuko wa shati, kinawaka.

Mlio huo unaujua, ndio unaokoroma kwenye sabufa kabla simu haijaita. Simu ya 2G, mtandao wa zamani unaotumiwa na vitochi, hairushi mawimbi mfululizo. Hurusha kwa vipandevipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa hedifoni ulio karibu huyanasa na kuyageuza mkoromo. Ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu, hata kufika wati 2. Kitochi changu kilikuwa juu ya bahari kikitafuta mtandao kwa nguvu zake zote, sentimita chache tu kutoka kwenye waya wangu.

Sikutishi. Ndege haianguki kwa sababu ya kitochi. Marekani tangu 2013 abiria wanaruhusiwa kutumia simu na tableti safari nzima, mradi mtandao wa simu umezimwa. Emirates walianza 2008 kuruhusu hata kupiga simu angani, ila ndege hizo zina kituo kidogo cha simu humo humo ndani, kwa hiyo simu hazihangaiki kutafuta mnara wa mbali. Caravan haina anasa hiyo. Humo tatizo ni sikio la rubani: mkoromo ukimeza tarakimu moja ya kimo, inabidi iulizwe tena, na wakati huo kuna ndege nyingine zinasubiri zamu ya kuongea kwenye masafa hayohayo ya redio.

Kwa hiyo kitochi kizime kabisa, maana vingi havina hali ya ndegeni. Fanya hivyo kabla hujafunga mkanda, ukishabanwa kwenye kiti kile mfuko wa suruali haufikiki. Na simu kubwa iliyosahaulika mkobani mwa mama, kagua. Watu wa simu mbili tupo wengi.

Tulipotua nikakiwasha. Ikaingia meseji ya mke wangu: "Mmeshaondoka?"