Kingamwili si kinga ya mwili

Swali: Mimi hutafsiri ripoti za maabara. Juzi niliandika: “Kingamwili dhidi ya virusi imepatikana, hivyo kingamwili ya mgonjwa iko imara.” Mhariri alikata nusu ya pili bila maelezo. Je, kingamwili na kinga ya mwili si kitu kimoja? Na niseme kingamwili “hii” au “hizi”?

Jibu: Mhariri wako alikata palipostahili kukatwa. Kosa hili nimelivumilia miaka mingi, na leo umenipa nafasi ya kulisema.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili imshike mvamizi mmoja mahususi. Kinga ya mwili ni uwezo mzima wa mwili kujilinda: ngozi, chembe nyeupe za damu, kingamwili zenyewe na mengine mengi. Moja ni mshale, nyingine ni jeshi zima. Lakini kila siku nasoma “imarisha kingamwili yako”, “kingamwili yake imeshuka”, “wazee wana kingamwili dhaifu”, na waandishi hao wote walikusudia kinga. Kisa chao ni kudhani kwamba ukiondoa “ya” katikati umefupisha tu maneno. Hapana! Mwanamaji ni baharia. Hebu muulize mwenye lugha “mwana wa maji” ni nani.

Tazama VVU, maana hapo ndipo uzembe huu unapoumbuka. Vipimo vya kwanza vya VVU, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1985, vilitafuta kingamwili, na vingi vya leo bado hufanya hivyo. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa kwa kawaida ana kingamwili dhidi ya virusi hivyo, tena za kutosha kuonekana bila shida. Je, kinga yake? Inaporomoka. Ugonjwa wenyewe tumeuita UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Jina limebeba jibu ndani yake. Sasa andika, kwa mtindo wa sentensi yako, kwamba kingamwili zimepatikana na hivyo kingamwili ya mgonjwa iko imara. Umempongeza mtu ambaye ulipaswa kumwanzishia dawa.

Na mtoto je? Aliyezaliwa na mama mwenye VVU huweza kubeba kingamwili za mama yake hadi miezi 18. Ndiyo maana mtoto wa umri huo hupimwa kwa kutafutwa kirusi chenyewe. Anayeandika kwamba mtoto huyo “amekutwa na virusi”, kwa sababu tu kipimo kimeona kingamwili, anawapa wazazi habari ambayo maabara haikuitoa. Kingamwili ni alama ya nyayo. Mwenye nyayo huenda alikwisha kuondoka, na huenda alipita kwa mama tu.

Kuna pia kazi ambayo kinga ya mwili haiwezi kabisa kuifanya: kulinganisha virusi. Mwaka 1941 mtaalamu wa virusi George Hirst aligundua kwamba kirusi cha mafua hugandanisha chembe nyekundu za damu ya kuku. Kingamwili zinazokitambua kirusi hicho huzuia kugandana huko. Basi wapimaji huchukua seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, yenye kingamwili, huizimua mara mbili mbili, 1 kwa 10, 1 kwa 20, 1 kwa 40 na kuendelea, wakiangalia inaacha kuzuia wapi. Ikikizuia kirusi cha zamani hadi 1 kwa 640, na kipya ikaishia 1 kwa 40, kirusi kipya kimebadilika sura vya kutosha kuzikwepa kingamwili za zamani. Kingamwili huzimuliwa, huhesabiwa, huwekwa kwenye kichupa. Kinga ya mwili utaizimuaje?

Kuhusu asili, kinga linatokana na kitenzi chetu cha Kibantu, kukinga, chenye maana mbili: kuzuia kitu kisikufikie, na kutega chombo ili kudaka kinachodondoka, kama mtu akingavyo maji ya mvua. Kingamwili hudaka na huzuia. Aliyeliunda neno hili alikuwa na sikio zuri, na hiyo ndiyo sababu naumia likichakazwa. Anayesema “antibodi” simgombezi. Angalau tunajua anachokisema.

Upatanisho: kingamwili moja hii, kingamwili nyingi hizi. Maabara haioni moja peke yake, kwa hiyo kwenye ripoti tumia wingi: zimepatikana, hazikupatikana, zimeongezeka. Umoja wako wa “imepatikana” ndio ulionionyesha kwamba kichwani ulikuwa na kinga.

Sentensi yako basi iwe: “Kingamwili dhidi ya virusi zimepatikana.” Weka nukta hapo, umwachie daktari yaliyobaki.