Kwa mwanangu Mwanaidi, kuhusu kuisomea bahari

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu za upendo. Huku sote hatujambo, na bibi yako anakuombea dua kila swala. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umefaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia), mjomba wako anataka uende udaktari, moyo wako uko kwenye biolojia ya bahari, na unaniuliza kama utapata kazi au utakaa nyumbani na cheti. Nakujibu kama baba, na kama mtu aliyekuwa afisa uvuvi pwani hii mpaka kustaafu.

Isomee bahari. Ila usiichague kwa ajili ya uzuri wa pomboo na kasa. Tafuta kwanza tatizo linalokukosesha usingizi.

Chukua mwani. Unguja walianza kuulima kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Aina zake ni mbili: kottoni ndiyo yenye bei, spinosamu huuzwa rahisi. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, kottoni ikawa inaugua na kufia kambani. Ingefaa kuipeleka kwenye kina, lakini akina mama wengi hawajui kuogelea wala hawana vyombo. Dkt. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, akajaribu pamoja nao nyavu za mirija za kulimia kwenye kina, na akahimiza mwani usagwe utengenezewe sabuni badala ya kuuzwa mkavu tu. Hebu hesabu elimu zilizomo humo: mmea wenyewe, joto la maji, magonjwa, bei ya soko, na subira ya kukaa na wakulima maji yakiwa yamekupwa. Kazi ya namna hii naiheshimu kuliko zote.

Waajiri wapo. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wanachunguza hali ya samaki wetu, KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wanafanya hivyo Mombasa, kuna hifadhi za bahari kama Mafia iliyoanza 1995, na halmashauri zina maafisa uvuvi. Lakini sikufichi: nafasi za serikali ni chache na husubiriwa sana, na mashirika huajiri kwa mradi, mradi ukiisha, na mkataba umekwisha.

Kwa hiyo usitoke chuoni na majina ya samaki peke yake. Kule Gazi, Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, fedha zinakwenda kwenye maji na shule. Mnunuzi hatoi senti bila ushahidi. Lazima mtu apime unene wa miti, apige hesabu ya kaboni, achore ramani ya msitu. Soma takwimu mpaka uzipende, mwanangu. Jifunze ramani za kompyuta, kuzamia, na kuandika maombi ya fedha za utafiti. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi magharibi, pale Zanzibar hutoa ruzuku kwa watafiti wa ukanda wetu.

Na wavuvi uwaamkie kabla ya kutoa daftari. Silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani alishatoweka duniani, hapa Tanga alinaswa kwenye majarife ya wavuvi wetu kuanzia 2004, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi kwa ajili yake. Wavuvi wanajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na samaki anakokimbilia kusi likivuma. Mtafiti asiyewasikiliza hurudi chuoni na nusu ya habari.

Udaktari ni kazi ya heshima, lakini usiusomee kwa kuogopa watu. Mjomba wako niachie mimi, nitazungumza naye Ijumaa. Wewe nitumie orodha ya kozi ulizoziona, pamoja na ada zake, kabla dirisha la udahili halijafungwa. Na kuogelea uanze likizo hii hii, maana hilo halisubiri chuo.

Baba yako
Tanga