Kupanda mlima kikundi siku ya mvua: baridi humkamata aliyesimama kusubiri

Mkuu, umeuliza kama kikundi chenu cha watu 12 kiahirishe safari ya Jumamosi kwa sababu utabiri unasema mvua siku nzima. Umesema watano ndiyo mara yao ya kwanza mlimani, akiwemo shangazi yako mwenye miaka 60. Wengi waliokujibu wamekushauri kuhusu makoti ya mvua, na wako sahihi. Mimi nitazungumzia kusubiriana, kwa sababu ndiko kulikotuponza sisi.

Tulikuwa watu 11, na mpangaji wa safari nilikuwa mimi. Njia ilikuwa ya kilomita 14 kwenda na kurudi, mwinuko mita 900. Nilipiga hesabu kwa kanuni aliyoitoa mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Nikapata saa 4 na dakika 20 hivi. Kanuni ile ni nzuri, ila inamhesabia mtu mzima mwenye afya, kwenye njia nzuri, asiyesimama. Sisi tulitumia saa 8, tena kileleni hatukufika.

Mvua ilianza kama manyunyu, kila mtu akawa na furaha. Wenye miguu myepesi wakatangulia, wengine tukabaki nyuma na mama mmoja aliyekuwa akipanda taratibu. Hapo ndipo nilipokosea: niliwaacha watangulie. Wakafika kwenye mgongo wa mlima, mahali pasipo mti wala mwamba wa kujikinga, wakasimama kutusubiri. Walisubiri dakika 25.

Tulipowafikia, kijana mwenye nguvu kuliko sote alikuwa kimya. Alipanda mbio akiwa amefunga koti hadi shingoni, akaloa jasho kwa ndani, na chini ya koti alikuwa na fulana ya pamba na suruali ya jinzi. Nikamwambia afunge zipu, vidole vikashindwa kuishika. Nikamuuliza kama ana njaa, akanijibu kitu kisichohusiana kabisa, kwa ulimi mzito. Yule mama wa taratibu, ambaye sote tulikuwa tukimhofia, alikuwa na joto lake salama, maana hakusimama hata mara moja.

Nieleze kinachotokea, kwa sababu ukikijua utapanga safari yako vizuri. Misuli inayofanya kazi huzalisha joto jingi. Ukisimama, joto hilo hupungua mara moja, lakini maji yaliyoshika mwili yanaendelea kukunyonya, na maji huondoa joto mwilini zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Upepo unaharakisha. Juu ya hayo, hewa yenyewe hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo chini kunaweza kuwa na nyuzi 14 na kule juu 8. Pamba ikiloa haihifadhi tena joto. Sufu na nguo za nyuzi za viwandani angalau zinabakiza kiasi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili nayo huanza kufifia, na mgonjwa mwenyewe ndiye atakayekuambia yuko sawa. Usimsikilize. Tazama mikono, miguu inayojikwaa na maneno yanayoburuta. Aliyekuwa akitetemeka sana kisha akaacha kutetemeka kabla hajapata joto, huyo hali yake ni mbaya zaidi.

Tulimshusha mita chache upande usio na upepo, tukajifunika turubai kichwani sote kwa pamoja, tukamvua nguo za juu zilizoloa. Sweta kavu ilitoka kwenye begi la yule mama, ambaye alifunga nguo zake zote ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuziingiza begini. (Kifuniko cha mvua cha begi peke yake hakitoshi. Maji hupenya upande wa mgongo.) Tukamnywesha maji ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, kwa kuwa alikuwa na fahamu na anameza vizuri. Hatukumsugua mikono wala miguu, na pombe haitakiwi kabisa, kwa kuwa hufungua mishipa ya ngozi na joto likazidi kutoka. Baada ya karibu saa nzima alianza kulalamika kwamba viatu vyake vimejaa maji, na mimi nikafurahi kusikia malalamiko yale kuliko kitu chochote siku hiyo. Tukageuza. Kilele kilibaki mbele yetu, mwendo wa dakika 40.

Kurudi, kijito tulichokivuka asubuhi maji yakiwa chini ya kifundo cha mguu kilikuwa kimefika magotini, rangi ya udongo, na mawe yanasikika yakigongana chini. Wawili walitaka kuvuka. Nilikataa, tukazunguka hadi darajani, saa nzima ya ziada. Maji ya magoti yanayokimbia yanatosha kumwangusha mtu mzima, na katika maji ya udongo huoni unapokanyaga. Kama njia yenu ina kijito, kihesabieni kimo cha mchana.

Sasa Jumamosi yenu. Mimi ningekwenda, lakini kwa njia fupi, nusu ya mliyopanga, isiyopita mgongoni mwa mlima wala kuvuka maji. Ngurumo ni jambo jingine: zikitajwa kwenye utabiri, ahirisheni bila mjadala. Zikiwakuta njiani, hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Chini ya sekunde 30, shukeni kutoka sehemu za juu, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu mlio wa mwisho.

Muda wa kugeuza upangwe jioni ya kuamkia safari na utumwe kwa wote kwa maandishi, kwa sababu mkiwa mmeloa na kilele kinaonekana, kila mtu anakuwa mbishi. Mwanzoni anzeni mkisikia kibaridi kidogo, mvue sweta kabla ya kupanda. Jasho linalowesha kama mvua. Mapumziko yawe ya dakika 5, mahali penye kinga, na sweta ivaliwe pale pale mtu anaposimama, asingoje kutetemeka. Kila mmoja awajibike kwa aliye nyuma yake: asipomwona, anasimama na kuita, na taarifa inapita hadi mbele. Kwenye ukungu sauti hupotea, hivyo kila mtu awe na filimbi. Ishara ya kuomba msaada ni milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha kurudia. Anayejibu hupiga 3.

Kuhusu shangazi yako, usimweke mwisho eti asisumbuliwe. Anayetembea mwisho hupumzika kidogo kuliko wote, kwa sababu akifika tu wenzake wanainuka. Mweke wa pili, nyuma ya kiongozi, na kiongozi aende kwa pumzi ya shangazi: shangazi akishindwa kuzungumza huku anapanda, mwendo ni mkali. Vijana wenye haraka wabebe turubai na maji ya moto, wakae nyuma yake.