Maswali ya Wasomaji: Kobe Aliyepasuka Gamba

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Lanet, Nakuru. Tangu utotoni nimewapenda wanyama watambaao, ingawa majirani wananishangaa. Juma lililopita kaka yangu, ambaye ni dereva wa matatu, aliniletea kobe mkubwa mwenye madoa, aliyemkuta kando ya barabara ya kwenda Gilgil akiwa amegongwa na gari. Gamba lake limepasuka sehemu ya juu na hataki kula. Nimemweka katika katoni jikoni, nampa ugali, sukuma wiki na maziwa. Jirani ananishauri nizibe ufa kwa gundi, na duka la dawa za mifugo limeniuzia dawa ya minyoo ya sindano. Nifanye nini? Na je, nikitaka kuwatunza wanyama waliookolewa nyumbani kama wewe, nianzie wapi?
Mama wa watoto wawili, Lanet

JIBU: Dada yangu, ahsante kwa kumpokea mnyama ambaye wengi wangempita. Kabla ya jambo lolote lingine, sindano hiyo usimdunge. Soma kibandiko cha chupa: kikitaja ivermektini, ambayo hutumiwa sana kuwatibu ng'ombe na mbuzi minyoo na wadudu wa ngozi, fahamu kwamba dawa hiyo ni sumu kwa kobe. Humpooza, na mara nyingi humuua, hata kwa kipimo ambacho mbuzi hakimdhuru. Dawa yoyote atakayopewa iamuliwe na daktari wa mifugo aliyemwona, na umweleze waziwazi kwamba mgonjwa ni kobe.

Gundi nayo iache. Gamba ni mfupa ulio hai, ambamo mbavu na uti wa mgongo vimeungana, wenye damu na neva, na uliofunikwa kwa vigae vya kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Kobe wako anasikia maumivu, na ufa ule ni jeraha la mfupa uliovunjika. Ukiuziba kabla haujasafika unafungia uchafu na vijidudu ndani, na usaha utaenea chini ya gamba bila wewe kuuona. Chemsha lita moja ya maji, tia gramu 9 za chumvi, yaache yapoe, kisha usafishe ufa taratibu kwa pamba au kitambaa safi, ukiifuta michanga kuelekea nje. Usimwagie maji kwa nguvu, kwa kuwa mapafu ya kobe yamelala moja kwa moja chini ya gamba la juu, na maji yakiingia kwenye ufa wenye kina yanaweza kuyafikia. Ukiona vipovu vikitokea kwenye ufa anapopumua, mapafu yameguswa na daktari anahitajika siku hiyohiyo. Funika jeraha kwa shashi safi na umweke ndani ya nyumba, maana nzi wakitaga mayai pale, mabuu watamla akiwa hai. Mfupa huo huunga polepole sana, pengine kwa muda unaozidi mwaka.

Sasa niseme juu ya kutokula, ambako nadhani ndiko msaada wako utakakofaa zaidi. Mnyama wa aina hii hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Hulichukua kutoka nje, na bila joto hilo tumbo lake halisagi chakula na kinga ya mwili wake haipigani na maradhi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na unajua mwenyewe jinsi alfajiri yake ilivyo. Kobe mzima huko porini hujificha chini ya kichaka usiku na kuota jua asubuhi, lakini huyu aliyejeruhiwa, aliyefungiwa katika katoni kwenye sakafu ya saruji, hana pa kuota. Kumlazimisha kula akiwa baridi ni kumdhuru, kwa sababu chakula kitaozea tumboni.

Mtafutie sanduku pana la mbao, utandike magazeti, na uning'inize balbu ya kutoa joto upande mmoja tu, ili upande huo ufikie nyuzi 32 hivi na ule mwingine ubaki kwenye 24, naye achague mwenyewe. Nunua kipimajoto, mkono hauaminiki katika jambo hili. Stima ikipotea, jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo na uiweke karibu naye. Jiko la makaa lisilale chumbani humo, kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wako. Mchana jua likiwaka, mtoe nje kwenye jua lenyewe, penye kivuli karibu, ukimlinda na mbwa na nzi. Jua linalopitia kioo cha dirisha humpa joto lakini halimpi mionzi ya urujuanimno anayohitaji ili mwili wake utengeneze vitamini D na kutumia kalisi katika kuunga gamba.

Akishapata joto, mwoshe miguu na tumbo katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi kidevu chake na yasiyofika kwenye ufa, kwa dakika 20 hivi. Mara nyingi hapo ndipo utamwona akishusha shingo na kunywa kwa mikupuo mirefu, na huenda akajisaidia humohumo. Mimi hufurahi sana nionapo hivyo, kwa maana ni dalili kwamba figo na utumbo vinafanya kazi. Ndipo umpe chakula: nyasi kwa wingi, magugu ya shambani yasiyopuliziwa dawa, na vipande vya dungusi ukivipata. Sukuma wiki iwe kidogo tu. Spinachi iepuke, kwani ina asidi inayozuia kalisi kutumika mwilini. Ugali na maziwa uviondoe kabisa. Kobe ni mla nyasi, na tumbo lake halikuumbwa kwa wanga mwingi wala maziwa.

Mikono yenu ninyi nyote ioshwe kwa sabuni kila mumgusapo, na beseni lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo, kwa sababu kobe anayeonekana mzima hubeba bakteria za salmonela. Hii ndiyo sababu nyingine ya kumhamisha jikoni.

Swali lako la mwisho lina jibu la kisheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali, hata awe na nia njema, hata kama mnyama aliokotwa barabarani. Kwa hiyo leo, usingoje apone, toa taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wewe unaishi jirani na Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, yenye lango hapo Lanet, nenda ukaseme. Wao ndio watakaoamua kama atachukuliwa au ataendelea kutunzwa chini ya uangalizi.

Ama maisha yenyewe, nami nakuandikia kutoka Kisumu nikiwa nimeyaishi, yapime kabla ya kuyaomba. Nyumbani kwangu kuna rafu ya friji iliyotengwa kwa panya wa kumlisha chatu, iliyofungwa na isiyowekwa chakula cha watu. Safari ya usiku huhitaji mtu mwingine nyumbani anayejua kusoma vipimajoto. Kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani, kwa hiyo kila asubuhi mtu hunyunyiza maji na kusubiri hadi ameshiba. Kobe wa aina yako akitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 50, basi fikiri ni nani atakayempokea baada yako. Kubwa zaidi, ujizoeze kumpenda mnyama asiyekupenda. Hatakujia akiitwa, na kumpapasa kwa ajili ya kufurahisha wageni humtia hofu. Anayestahili kubaki ni yule asiyeweza tena kujitegemea. Anayepona, kwa idhini ya KWS, hurudishwa karibu na alipookotwa, si katika msitu mzuri ulio mbali, kwa kuwa huko hajui maji yalipo wala mahali pa kujificha. Na awekwe upande wa barabara aliokuwa akielekea, mbali na lami, la sivyo atavuka tena.

SWALI: Mimi ni mwalimu karibu na Isecheno, Kakamega. Wanafunzi wamemkuta nyoka mnene mwenye rangi nyingi za kuvutia na vijipembe puani, amekatwa kidogo na jembe. Twaweza kumtibu na kumweka katika chumba cha sayansi?
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Hapana, Mwalimu, na tafadhali waondoe watoto hapo sasa hivi. Kwa maelezo yako huyo ni kifutu mwenye pembe wa misitu ya mvua, ambaye Msitu wa Kakamega ni miongoni mwa makao yake nchini Kenya. Ni mpole na mzito wa mwendo, ila hujirusha kwa kasi isiyokwepeka, na sumu yake huharibu nyama ya mwili na damu. Rangi zile humficha katika majani makavu, hivyo msimpoteze machoni. Mtu mzima mmoja asimame mbali akimtazama huku wengine wakiwaita maafisa wa KWS wanaosimamia hifadhi hapo Kakamega. Asifunikwe kwa karai wala kusukumwa kwa fimbo. Ikitokea mtu ameumwa, atulizwe, avuliwe pete na saa kabla mkono haujavimba, na apelekwe hospitali mara moja. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala lisifungwe kwa kamba.