Mti wa Katikati ya Barabara Umekatwa: Tupande Upi?

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu mbalimbali, ila yote yanazunguka palepale: mti wa katikati ya barabara umekufa au umekatwa, na pengo linangoja. Nimeyafupisha kidogo.

Ukanda wetu wa katikati una upana wa kama mita mbili. Mkrismasi uliokuwapo ulipasua lami, ukang'olewa. Turudishe mkrismasi mwingine?

Msirudishe. Mkrismasi, ule wa maua mekundu ambao asili yake ni Madagaska, ni mti wa uwanja: matawi yake hutanuka sana na mizizi hutambaa juujuu. Lakini kabla ya kutaja jina la mti wowote, chukueni sururu. Pimeni udongo wenyewe, kutoka zege hadi zege, kisha chimbeni muone kilichomo. Mara nyingi mtakuta kifusi cha wajenzi kilichoshindiliwa pamoja na barabara. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti huishi karibu na uso wa ardhi, ndani ya sentimita 60 hivi, ikifuata hewa na maji. Ikikuta udongo umegandamana, hupenya penye unafuu, yaani kati ya lami na kokoto za chini yake, ambako unyevu haukauki upesi. Ikinenepa, lami inainuka. Mti ndio unaobeba lawama, kumbe kosa lilikuwa la shimo.

Kwa mita mbili, ondoeni kifusi kwa urefu wa kutosha badala ya kuchimba vishimo vya duara, jazeni udongo mzuri, halafu tafuteni mti ambao ukikomaa hauzidi mita saba au nane. Ukanda ukiwa chini ya mita moja na nusu, mimi nisingepanda mti kabisa. Vichaka vinatosha.

Kamati yetu inataka aina moja tu barabara nzima ili ipendeze. Kuna ubaya?

Upo, na kuna watu waliolipa gharama yake. Miji mingi ya Marekani ilijaza mitaa yake miti ya elmi (Ulmus), safu kwa safu. Kuanzia miaka ya 1930 ukaingia ugonjwa wa ukungu unaobebwa na mbawakawa. Kwa kuwa miti ilipandwa karibu karibu, mizizi yake ilikuwa imeungana chini ya ardhi, na ugonjwa ukapita humo kutoka mti hadi mti. Elmi zikafa, miji mingi ikaziba mapengo kwa miti ya jamii ya Fraxinus (kwa Kiingereza ash), tena safu kwa safu. Mwaka 2002 mbawakawa mwingine, kutoka Asia, akagunduliwa Michigan. Huyu hula Fraxinus, na ameshaua mamilioni kwa mamilioni.

Mwaka 1990 mtaalamu wa miti wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika: katika miti yote ya mji, spishi moja, yaani aina moja ya mti, isizidi asilimia 10; jenasi moja, yaani kundi la spishi zilizo karibu, asilimia 20; na familia moja, yaani kundi la jenasi zilizo karibu, asilimia 30. Ni hesabu ya mji mzima, kwa hiyo kamati haihitaji kuchanganya kila hatua. Pandeni aina moja kutoka makutano hadi makutano, kisha mbadilishe. Itapendeza vilevile.

Kwa nini tusipande miembe, watu wapate kivuli na matunda?

Kwa sababu embe likiiva katikati ya barabara, mtoto atalifuata. Mengine yatapondeka kwenye lami, na mwendesha pikipiki atayakuta usiku. Miembe ipelekeni shuleni.

Mwarobaini hauombi maji wala mbolea. Mbona wataalamu wengine wanaukataa?

Ugumu wake ni wa kweli. Tatizo ni mbegu: ndege na popo huzisambaza, na katika pwani ya Afrika Mashariki mwarobaini umeingia hata kwenye misitu ya asili na kuibana. Kama mji wenu uko mbali na msitu na tayari mnayo mingi, angalieni kipimo cha Santamour hapo juu kabla ya kuongeza.

Ashoki, ule mwembamba uliosimama wima, unafaa penye nafasi finyu, ila msitegemee kivuli. Ukiniuliza namna ya kupata mti mgumu, nitakwambia utembee mjini kwako utafute penye moshi, vumbi na kukanyagwa kila siku, uone ni mti gani wa kienyeji umedumu pale bila mtu kuumwagilia. Huo una sifa kuliko ulioko kwenye kipeperushi cha muuzaji.

Mkandarasi anataka kuleta miti ya mita nne ili siku ya uzinduzi barabara ionekane imekamilika. Tukubali?

Uzinduzi ni siku moja. Mti mkubwa ukichimbuliwa hupoteza sehemu kubwa ya mizizi yake, na unaweza kukaa miaka bila kukua. Mche mdogo wenye mizizi mizima mara nyingi huukuta na kuupita. Wakati wa kupokea miche, chaneni viriba vichache: mizizi iliyojizungusha humo itaendelea kujizungusha ardhini hadi ikabe shina, kwa hiyo rudisheni miche ya namna hiyo. Kitako cha shina kionekane juu ya udongo, kisifukiwe. Na fedha inayobaki iwekwe kwenye boza la maji la miaka miwili hadi mitatu ya mwanzo, iandikwe kwenye mkataba kabisa, maana hapo ndipo miti mingi ya barabarani hufia.

Madereva wanalalamika hawaoni vizuri kwenye makutano.

Wana haki. Karibu na makutano na vivuko pandeni mimea isiyofika magotini. Kwingine, matawi yaliyo juu ya njia ya magari yapogolewe hadi kama mita tano, lori lipite. Kwenye barabara ya mwendo kasi isiyo na kizuizi, shina linalozidi sentimita 10 za unene huhesabiwa kuwa hatari kwa gari lililoacha njia. Hapo panda vichaka, hata kama mchoro wa mbunifu unaonyesha miti mikubwa.