Mbele ya Kala Bhairava

SWALI: Mhariri, mimi ni mwongozaji wa wapanda mlima, na mgeni wangu mmoja amenialika Nepal. Je, Mkristo anaruhusiwa kuiona sanamu ya Kala Bhairava? Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, unaruhusiwa, kwani sanamu hiyo ya jiwe, inayomwonyesha Shiva, mungu wa Wahindu, katika ghadhabu yake, imesimama nje kabisa, katika uwanja wa Hanuman Dhoka mjini Kathmandu, ilikowekwa na mfalme Pratap Malla katika karne ya 17. Ina mikono sita na taji la mafuvu, nayo imekanyaga maiti. Zamani watuhumiwa waliapishwa mbele yake, ikiaminika kwamba mwongo angekufa papo hapo. Waumini wakija kuipaka unga mwekundu, wapishe. Lakini katika hekalu la Dakshinkali, kusini mwa jiji, wanyama huchinjwa Jumanne na Jumamosi, na patakatifu pake huingia Wahindu pekee.